Mahakama imekuachilia: madeni ya zamani uyalipe au uyaache?

Dawa ya deni ni kulipa, na msemo huo hatuna ugomvi nao. Lakini mtu aliyefilisika kwa amri ya mahakama, mali yake ikauzwa, wadai wakagawana kilichopatikana, kisha akaachiliwa, yuko mahali ambapo msemo haukumfikiria. Sheria inasema hadaiwi tena. Nafsi yake inamwambia anadaiwa. Na mjini Lamu, ambako mdai na mdaiwa husali safu moja na watoto wao husoma darasa moja, swali halikwepeki: nilipe kwa hiari yangu, au yaliyopita yapite?

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Pengine alikuwa na nyumba ya wageni Shela, au duka la vinyago Malindi, au mashua ya kutembeza watalii. Wako walioangushwa na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata, na wako walioponea hapo wakaja kuangushwa na Machi 2020, ndege za kimataifa ziliposimama. Sasa ameajiriwa, au anavua kwa chombo cha mwenziwe, na kipato kimeanza kurudi kidogo kidogo. Anataka kujua zile elfu chache zinazobaki mwisho wa mwezi azifanye nini.

Sheria imefuta nini, na haikufuta nini

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, muflisi huachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa pingamizi likitolewa na mahakama ikalikubali. Akishaachiliwa, madeni yaliyoingia katika ufilisi hayawezi tena kumfikisha kortini.

Hayo ni madeni mengi, lakini si yote. Deni lililopatikana kwa ulaghai halifutwi. Matunzo ya mwenza au mtoto yaliyoamriwa na mahakama hayafutwi. Haya hayana hiari ndani yake: yalipwe, na makala haya hayayahusu. Wala deni ulilochukua baada ya amri ya ufilisi halimo. Na mdai aliyeshika hati ya kiwanja kama rehani, haki yake juu ya kiwanja hicho ilibaki pale pale.

Kuna jambo moja ambalo naona wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo linalonifanya niandike: kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini wako. Aliyekutilia saini kwenye Sacco au benki anabaki amefungwa. Kwa hiyo deni ambalo wewe umeambiwa limefutwa, mara nyingi halikufutika. Limehamia nyumba ya pili.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kama miaka 3 haijatimia, usianze kumlipa mdai mmoja kimya kimya. Mali unayoipata kabla ya kuachiliwa inaweza kuwa ya wadai wote kupitia msimamizi wa ufilisi, na kumpendelea mmoja ni kuwanyima wengine. Hiari huanza siku ile unapokuwa huru kweli. Kwanza hakikisha una hati inayoonyesha hivyo.

Aliyefilisika ughaibuni kisha akarudi nyumbani naye aangalie sheria ya kule. Uingereza kwa kawaida muflisi huachiliwa baada ya miezi 12. Marekani sheria inatamka wazi kwamba hakuna kinachomzuia mdeni kulipa deni lolote kwa hiari yake. Kuachiliwa kunamwondolea mdai nguvu ya kukulazimisha, hakukuondolei wewe ruhusa ya kulipa.

Vipimo tutakavyotumia

Ziko njia nne, na kila moja nitaipima kwa mambo matano. Sheria: je, inakuweka salama au inakurudisha kwenye kesi? Dhima: je, mbele ya Mungu umebaki na nini shingoni? Aliyeumia: fedha zinamfikia nani, na je, ndiye aliyepata hasara hasa? Nyumbani: ada, kodi ya nyumba na chakula vitabaki? Na jina: mtaani na kwenye rekodi za mikopo utaonekanaje?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameachiliwa, na baada ya mali kuuzwa na kugawanywa yamebaki haya: benki shilingi 1,500,000, Sacco 400,000, ambazo zilikatwa kwenye akiba za wadhamini watatu, muuza mbao 180,000, rafiki 150,000, fundi 90,000, duka la mtaani 60,000. Jumla 2,380,000. Baada ya matumizi ya nyumbani anaweza kutenga 6,000 kwa mwezi.

Njia ya kwanza: kutolipa, kuanza upya

*Sheria.* Uko salama kabisa. Hili ndilo lengo la sheria yenyewe: mtu aliyeanguka asibaki chini maisha yake yote. Mali yako ilichukuliwa, ulivumilia miaka ambayo hata kugombea udiwani au ubunge Katiba ilikuzuia, na wadai walipata walichopata. Hukuiba kitu kwa kutumia haki hiyo.

*Dhima.* Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu watu huhukumiana upesi. Kwa Muislamu, na wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, muflisi huuziwa mali yake na wadai wakagawiwa, na kinachobaki hubaki katika dhima yake mpaka alipe au asamehewe. Amri ya korti haigusi hilo. Lakini dini hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na inasema kusamehe ni bora zaidi. Imepokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, habari ya mtu aliyenunua matunda yakaharibika, deni likamzidi. Watu wakamchangia, mchango usitoshe, na Mtume akawaambia wadai wachukue walichokikuta, hawana zaidi ya hicho. Wanazuoni wengi wanaielewa kwamba hawakuwa na haki ya kumbana zaidi wakati ule wa dhiki. Kwa hiyo asiyelipa kwa kuwa hana, huku ana nia, hayuko sawa na anayeweza akakataa.

Kwa Wakristo wa Malindi, Biblia nayo ina pande mbili: Zaburi ya 37 inamlaumu akopaye asilipe, na Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaamuru wadai wasamehe kila mwaka wa saba.

*Aliyeumia.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Benki ilipanga riba ikijua baadhi ya mikopo haitarudi. Muuza duka hakuwa na hesabu hiyo. Yeye aliandika jina lako kwenye daftari, basi.

*Nyumbani.* Hakuna njia nyingine inayoilinda familia kama hii. Elfu 6 kwa mwezi zinaweza kuwa ada ya mtoto au akiba ya kwanza baada ya miaka. Na mtu asiye na akiba yoyote huishia kukopa tena kwa simu kila mtoto anapougua.

*Jina.* Inategemea unakaa wapi. Malindi mji ni mkubwa, watu huja na kuondoka, na kimya chako kinaweza kupita bila kusemwa sana. Amu, yaani mji wa Lamu, ni mji wa kutembea kwa miguu. Fundi atataka malipo kabla ya kazi, duka litakuuzia taslimu tu, na ndugu yako atakayetaka kukopa atakumbushwa jina lako.

Inawafaa: wanaoanza na kipato kisichotosha hata matumizi, wagonjwa, wenye watoto wadogo na wasio na mahali pa kulala pa uhakika. Inawafaa pia ambao deni lao lote lilikuwa la benki, na benki ilikwisha kuuza rehani.

Njia ya pili: kulipa wote, kila mmoja kwa kiasi cha anachodai

*Sheria.* Ukishaachiliwa hakuna kosa kulipa. Hatari iko kwenye karatasi. Benki au kampuni ya kukusanya madeni ikikupa fomu ya “kupanga upya” deni lililofutwa, usitie saini kabla ya wakili kuisoma, maana unaweza kujifunga kwa mkataba mpya wenye riba mpya. Lipa, chukua risiti, usitoe ahadi iliyoandikwa. Kwa deni ambalo halikuwamo katika ufilisi, jua pia kwamba kesi ya deni la mkataba kwa kawaida hukoma baada ya miaka 6, lakini kulikiri deni kwa maandishi au kulilipa sehemu huanzisha hesabu hiyo upya. Yajue madeni yako, lipi ni lipi.

*Dhima.* Ndiyo njia iliyo safi kuliko zote, kwa kuwa haibagui. Kuhusu riba, Muislamu ana nafasi: aya ya 279 ya Al-Baqara inampa mdai haki ya rasilimali yake tu, bila kudhulumu wala kudhulumiwa. Anayelipa kwa hiari anaweza kukusudia fedha aliyopokea, si faini na riba zilizorundikana juu yake.

*Aliyeumia.* Hapa hesabu inatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii. Katika mfano wetu, ukigawa 6,000 kwa uwiano, benki inapata kama 3,780 kila mwezi. Wadhamini watatu kwa pamoja wanapata kama 1,000. Mwenye duka anapata shilingi 151. Yaani usawa wa tarakimu unapeleka zaidi ya nusu ya jasho lako kwa mdai ambaye hasara hiyo haikumnyima usingizi, na yule aliyefunga rafu moja ya duka kwa sababu yako anapata fedha za unga wa siku chache tu kwa mwezi.

*Nyumbani.* 2,380,000 kwa 6,000 kila mwezi ni miaka 33. Mtu wa miaka 45 atakuwa analipa akiwa na 78. Sisemi haiwezekani, lakini mpango wa urefu huo huvunjika njiani kwa ugonjwa, msiba au msimu mbaya, na kuvunjika kwake kunaweza kukuumiza kuliko kutoanza.

*Jina.* Ni heshima kubwa kama ukiimaliza. Lakini usitarajie rekodi za mikopo zisafike siku hiyo hiyo: kwa kanuni za Kenya, taarifa ya kushindwa kulipa hukaa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo miaka 5 tangu deni lilipomalizwa. Kinachobadilika ni kwamba atakayeisoma ataona limelipwa. Kwa anayetafuta zabuni au mkopo mpya wa biashara, tofauti hiyo ina thamani.

Inawafaa: aliyepata fedha kwa mkupuo, kwa mfano mirathi au kiwanja kilichopanda bei, na anayedaiwa kiasi kidogo kwa jumla. Mwenye mkupuo ana nguvu ya kuzungumza pia. Mdai mkubwa ambaye alikwisha kulifuta deni vitabuni anaweza kukubali sehemu yake na kuandika barua kwamba amemaliza nawe. Na kama lengo lako ni kufuta doa lenyewe, sheria inaruhusu mahakama kubatilisha amri ya ufilisi madeni yakiwa yamelipwa kikamilifu; hilo lizungumze na wakili kabla hujalipa, si baada.

Njia ya tatu: kulipa watu kwanza, taasisi baadaye au kamwe

*Sheria.* Kabla ya kuachiliwa, kuchagua wa kumlipa kungekuwa kosa. Baada yake fedha ni zako na chaguo ni lako. Jambo la kukagua ni mishahara: katika ufilisi, mishahara ya miezi 4 ya mwisho hutangulizwa, isizidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Kwa hiyo mpishi wako wa zamani huenda alikwisha kulipwa chote au sehemu. Angalia taarifa ya mgawanyo kabla hujapanga, usije ukamlipa mmoja mara mbili ilhali mwingine hajapata kitu.

*Dhima.* Haikamiliki, kwa sababu waliobaki nje bado wana haki yao. Lakini mwenye uwezo mdogo hana budi kuanza mahali, na kuanza na dhaifu kuna uzito wake. Waliobaki unaweza kuwaandika ukawawekea nia.

*Aliyeumia.* Hapa ndipo njia hii inapopata nguvu, na hapa nitakaa kidogo.

Mdhamini ndiye mtu wa kwanza ambaye ningemtazama. Yeye hakukuuzia kitu wala hakutarajia faida. Alitia saini kwa sababu mlisoma madrasa moja, au kwa sababu mama yako alimwomba. Ulipoanguka, Sacco ilichukua akiba aliyokuwa anaiweka kidogo kidogo. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa inampa haki ya kukopa, kwa hiyo hakupoteza fedha tu, alipoteza na mlango wa kupata nyingine. Na kwa kuwa madai yake dhidi yako nayo huweza kuingia kwenye ufilisi, yeye ndiye anayebaki hana wa kumshika. Katika mfano wetu, kuwarudishia watatu hao 400,000 kwa elfu 6 kwa mwezi ni miaka 5 na nusu na ushei. Ni muda mrefu, lakini mwisho wake unaonekana.

Baada yao wako mafundi na wafanyakazi, ambao walikwisha kutoa kazi na kazi haichukuliki tena. Mbao zilizotiwa kwenye paa haziwezi kurudishwa bohari. Kisha duka. Kisha jamaa na marafiki, ambao wengi huwaweka mwanzo kwa kuona haya, ingawa mara nyingi ndio wanaoweza kusubiri. Ukiwalipa hao wote bila wadhamini, ni 480,000: miezi 80. Pamoja na wadhamini ni 880,000, miaka 12 na ushei.

Iko hoja dhidi yake na ni ya haki. Sacco si jengo, ni walimu, wavuvi na wauza samaki waliochanga. Fedha za benki ni amana za watu pia. Anayesema “taasisi haina roho” hajafikiri vya kutosha. Hata hivyo hasara ya taasisi huenea kwa maelfu ya watu, na hasara ya fundi humwangukia peke yake.

*Nyumbani.* Inabebeka, hasa ukiipanga kwa msimu badala ya mwezi. Pwani hii haiingizi fedha sawasawa mwaka mzima. Kaskazi bahari imetulia na wageni wapo. Kusi ikishika, bahari huchafuka, na kati ya Aprili na Juni nyumba nyingi za wageni hufunga milango. Ahadi ya 6,000 kila mwezi itavunjika Mei. Ahadi ya kutoa zaidi kuanzia Desemba mpaka Machi, na kidogo au bila kitu wakati wa mvua, ina nafasi ya kutimizwa. Mdai wa hapa hapa anaelewa hilo bila kuelezwa, kwa sababu duka lake nalo hufuata msimu huo huo.

*Jina.* Kwa Lamu, hii ndiyo inayorudisha imani upesi zaidi, maana wanaolipwa ndio wanaoonana nawe. Kasoro yake: asiyeanzwa atasikia. Akikuuliza, mjibu kweli, kwamba kuna wadhamini mbele yake.

Inawafaa: mwenye kipato kidogo cha kudumu, anayeishi mji mdogo, ambaye wadai wake ni mchanganyiko wa watu na taasisi.

Njia ya nne: kwenda kutaka halali, au kulipa kwa kazi

Wengi huona kuna kulipa na kutolipa tu. Iko hii ya kati: kutaka halali, yaani kumwomba mdai akusamehe deni, au kumlipa kwa kazi ya mikono yako.

*Sheria.* Haina hatari, mradi usitie saini ahadi mpya. Mdai akikusamehe, mwombe maneno mafupi kwa maandishi au mbele ya shahidi.

*Dhima.* Msamaha wa moyo mkunjufu huondoa dhima sawasawa na malipo. Lakini msamaha uliopatikana kwa haya haufai. Ukimwendea mdai mbele ya watu msikitini baada ya Ijumaa, atasema “nimekusamehe” kwa kuwa hana namna ya kusema lingine. Mwendee faragha, na umwachie mlango wa kukataa: “Ami, deni lako nalijua na nalikubali. Korti imeniachilia, lakini wewe hukuniachilia. Nina uwezo wa kidogo kidogo msimu ukija. Ukitaka nilipe nitalipa, ukitaka nikufanyie kazi nitafanya, na ukinihalalishia nitashukuru. Usinijibu leo.” Kisha ondoka, usisimame ukingoja uso wake ubadilike.

Jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: katika Sura ya At-Tawba aya ya 60, wenye madeni wamo miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Aliyeshindwa na deni la halali anaweza kumuuliza imamu au kamati ya msikiti wake bila kujiona amejidhalilisha.

*Aliyeumia.* Malipo ya kazi humfaa sana fundi na mwenye duka. Nahodha anaweza kubeba mizigo ya duka kutoka gati ya Mokowe, upande wa bara. Mshoni anaweza kushona sare za watoto wa mdai wake. Kubalianeni thamani ya kila kazi kabla haijafanywa na muiandike, la sivyo mwaka mmoja baadaye kila mtu atakuwa na hesabu yake.

*Nyumbani.* Haigusi fedha taslimu, ila inagusa muda. Anayefanya kazi za kulipia deni siku 4 kwa wiki hatapata kipato kipya.

*Jina.* Inahitaji ujasiri kuliko njia zote, na kwa mdai aliyekuwa anangoja neno tu, pengine ndiyo atakayoikumbuka zaidi.

Inawafaa: mwenye ujuzi kuliko fedha, anayedaiwa na jamaa, na yule ambaye kiasi chake hakitalipika maisha yake yote.

Kabla ya shilingi ya kwanza

Mwambie mwenza wako. Nimeona nyumba ikitikisika kwa sababu mume alikuwa anatuma fedha kwa wadai wa zamani huku mke akikopa unga dukani, na siku mke alipoujua ukweli, hasira haikuwa juu ya deni bali juu ya siri. Weka akiba ya dharura kwanza, hata ya mwezi mmoja. Tuma kwa M-Pesa kila inapowezekana, ujumbe uutunze, na ukilipa taslimu mdai atie saini daftarini. Na usimtajie mtu tarehe usiyo na hakika nayo, kwa kuwa ahadi ni deni, na la pili humuuma mtu kuliko la kwanza.

Kwa hali yako

Kama kipato hakifiki matumizi: usilipe sasa. Andika orodha, weka nia, na uende ukamwone mdhamini umwambie hivyo kwa mdomo wako. Hilo halina gharama, nawe unamwonyesha kwamba hujamsahau hata kama humpi shilingi.

Kama unabakiwa na elfu chache kwa mwezi na una wadhamini walioumia: njia ya tatu, wao wakiwa mbele, kwa kufuata msimu. Rafiki anayeweza kusubiri, mwombe asubiri.

Kama huna wadhamini na deni lako kubwa ni la benki iliyokwisha kuuza rehani: una haki ya kuanza upya, na anayekuambia vinginevyo si lazima umsikilize. Malizia madeni madogo ya mtaani, kisha ijenge nyumba yako.

Kama umepata mkupuo: usiugawe kwa haraka. Keti na wakili, omba wadai wakubwa wakuandikie watakubali kiasi gani, walipe wadogo chote, na uache sehemu ya kuendeshea maisha. Fedha za mirathi hasa huwa na macho mengi juu yake, na ndugu zako wana haki ya kujua fungu lako linakwenda wapi.

Kama unataka kurudi kwenye biashara inayohitaji mikopo, zabuni au uwakala: njia ya pili, hata kwa wadai wawili watatu wanaohusika na kazi hiyo, kwa kuwa barua ya kumaliza deni ndiyo utakayoulizwa.

Kama umehamia Malindi au Mombasa na wadai wako wamebaki Amu: umbali unarahisisha kusahau, kwa hiyo anza na simu moja kwa mdhamini. Siku ya Maulidi au msiba ukirudi, mtakutana tu.

Kama umri umekwenda au afya imedhoofika: njia ya nne kwa unaoweza kuwafikia, na wosia kwa waliobaki. Kwenye maziko yetu hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu aende kwa familia, na watoto wasiojua chochote hubaki wakikisia. Andika majina, kiasi, kilichogawiwa katika ufilisi, ulichoongeza mwenyewe, na nani amekwisha kukuhalalishia, ili warithi wasimlipe mtu mara mbili wala wasimrudishe mwenye haki.